Bustani ya vipepeo kwenye jerikeni: namna ya kuianza Kakuma na Kalobeyei bila kugusa maji ya kunywa

Siku mbili tatu baada ya mvua, ukienda bombani asubuhi utaona vipepeo wametua kwenye matope yaliyozunguka bomba, mabawa wameyafunga, wananyonya. Wengi wao ni madume. Maua huwapa sukari, lakini chumvi na madini wanayatafuta kwenye udongo wenye unyevu, kwenye samadi, hata kwenye jasho la mkono wako. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Kakuma ni kame mno hata kipepeo haishi hawajaangalia vizuri. Vipepeo wapo. Kinachokosekana kwenye nyua zetu nyingi ni kitu cha kuwafanya wakae.

Makala haya yanakueleza namna ya kuanzisha bustani ndogo kwenye vyombo, yaani jerikeni zilizopasuka, makopo ya mafuta ya kupikia, magunia na beseni kuukuu. Yameandikwa kwa kufikiria joto, upepo na udongo wa Turkana. Ukiwa sehemu nyingine yenye joto kavu, mengi yatakufaa vilevile.

Kwanza tuzungumzie maji, kwa sababu najua ndilo swali la kwanza.

Kiwango ambacho UNHCR hukilenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Kila anayepanga foleni bombani anajua kwamba kuna siku hicho kiwango hakifikiwi. Katika hali hiyo, mtu akimwagia ua maji safi, majirani watamshangaa, na watakuwa na haki. Msimamo wetu hapa ni mmoja: bustani hii isipewe hata kikombe cha maji ya kunywa. Itumie maji ambayo tayari yamefanya kazi nyingine: ya kuoshea mboga, ya kuoshea mchele na maharagwe, ya kusuuzia vyombo na nguo. Jerikeni ya lita 20 iliyokatwa, ikiwa na matandazo juu na kivuli mchana, inahitaji takriban lita moja hadi moja na nusu kwa siku katika joto la kawaida. Vyombo vinne ni kama lita tano. Nyumba yenye watu watano humwaga maji ya namna hiyo kila siku mlangoni ili kutuliza vumbi. Kama kwenu hayapatikani hata hayo, anza na chombo kimoja tu.

Usipande maua peke yake

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anapanda maua, yanachanua, vipepeo wanapita, wanakunywa, wanaondoka. Baada ya mwezi anasema vipepeo hawapendi uwanja wake.

Kipepeo ana maisha mawili. Akiwa mzima anakunywa utomvu mtamu wa maua, na hapo hachagui sana. Akiwa kiwavi anakula majani, na hapo anachagua kupita kiasi: aina nyingi za viwavi hula jamii moja au mbili tu za mimea, na wakikosa hizo hufa. Ndiyo maana jike hutua kwenye jani, huligusa kwa miguu kama anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha huamua kama atataga hapo. Asipopata jani analolitaka huenda zake. Bustani inayowafanya vipepeo wakae ina vitu viwili: ua la mama na jani la mtoto.

Maana yake ni kwamba majani yataliwa. Yatatobolewa, mengine yataisha kabisa. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukishindwa kulivumilia jani lenye matundu, afadhali upande maua peke yake na uwapokee vipepeo kama wageni wapitao.

Utauliza: je, hao viwavi hawatahamia kwenye sukuma wiki yangu? Hawa tunaowazungumzia, hapana. Kiwavi wa mndimu hali sukuma. Wale wanaotoboa sukuma wiki na kabichi kwa kawaida ni watoto wa nondo mdogo wa kijivu anayeruka jioni, na huyo yupo uwe na bustani ya vipepeo au usiwe nayo. Kuna mmoja wa kumwangalia, ambaye nitamtaja kwenye kunde.

Majani ya viwavi

Mndimu ni wa kuanzia. Tia mbegu tatu za ndimu au limau kwenye kopo, usizikaushe kwanza. Zikiota zibaki na kivuli mchana, kwa sababu mche mchanga haustahimili jua la saa saba. Atakayekuja ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, na ndege humwacha. Akikua anakuwa kijani. Mguse kidogo kwa kijiti: atatoa nyuma ya kichwa kitu chekundu chenye pembe mbili, na harufu kali. Hana madhara kwa mtu. Anatisha tu, na watoto hucheka sana. Mche mmoja mdogo huweza kumalizwa na viwavi wanne, kwa hiyo panda kadhaa. Ukitaka ndimu za kula, chagua mche mmoja uwe wako na uwahamishie viwavi wake kwenye miche mingine.

Mmea wa pili ni ule mdogo unaotambaa, wenye shina jekundu na majani manene yaliyojaa maji, unaoota wenyewe kando ya mitaro. Wasudani wanauita rijla na wanaupika. Unastahimili jua kali, na kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hushika. Huliwa na kiwavi wa kipepeo mmoja wa ajabu: dume ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe, lakini jike ni wa rangi ya chungwa, utadhani ni wa ukoo mwingine kabisa. Jike huyo anamwigiza kipepeo mwingine mwenye sumu ili ndege wamwogope. Wewe unakula rijla, kiwavi naye anakula rijla, gawaneni.

Huyo mwenye sumu anayeigizwa ndiye pengine kipepeo unayemwona mara nyingi zaidi hapa: rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole kama asiye na hofu na mtu. Hana hofu kwa kweli, kwa sababu alipokuwa kiwavi alikula mmea wenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo imebaki mwilini mwake. Mmea huo ni ule mrefu wenye majani mapana ya kijivu-kijani na matunda yaliyojaa hewa, unaoota kwenye mchanga wa laga na kando ya barabara. Wasomali wanauita boox, Waarabu ushar. Pindua majani yake utamwona kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na manjano, na nyuzi nyeusi jozi tatu mgongoni.

Je, uupande nyumbani? Ushauri wangu ni usiupande kama una watoto wadogo. Utomvu wake ukiingia machoni huumiza vibaya na unaweza kudhuru uwezo wa kuona, na ukimezwa ni sumu. Uache palepale unapoota, haupungui. Wewe panda maua, na vipepeo waliozaliwa huko lagani watakuja kwako kunywa.

Ndivyo ilivyo pia kwa miti ya wenyeji. Mswaki, ambao Waturkana wanauita esekon na Wasomali caday, unalisha viwavi wa vipepeo wadogo weupe, na edung na jamaa zake wanalisha wengine weupe, wakiwemo wale wenye mishipa myeusi ambao baada ya mvua nzuri hupita kwa maelfu wote wakielekea upande mmoja. (Wao hawaombwi hati ya kusafiria.) Usijaribu kuipanda miti hiyo kwenye jerikeni. Inakua polepole, na mizizi yake inataka kwenda mbali. Tena usiing'oe wala kuikata. Matunda ya edung ni chakula cha Waturkana, huchemshwa na kubadilishwa maji mara kadhaa kabla ya kuliwa, na miti ya kando ya mto ina wenyewe kwa desturi inayoitwa ekwar, hata kama hakuna ua wala kibao. Ugomvi mwingi kati ya wakimbizi na wenyeji umeanzia kwenye kuni. Tusiongeze mwingine kwa ajili ya bustani. Ukitaka udongo wa laga au mbegu zilizoanguka, muulize mwenyeji wa hapo. Mara nyingi atakuonyesha na penye mbegu nzuri zaidi.

Kunde nazo zinaleta kipepeo mdogo wa buluu mwenye mkia mwembamba kama uzi. Huyu ndiye niliyesema umwangalie, kwa sababu kiwavi wake huingia kwenye ua na kwenye ganda na kula mbegu. Ikiwa kunde zako ni za majani tu, hana hasara kwako. Ikiwa ni za mbegu, kagua maganda na uondoe yaliyotobolewa.

Maua ya kunywa

Kwenye joto hili usipoteze nguvu kwa maua laini ya dukani. Kipepeo anataka ua lenye pahali pa kutua, lililo bapa au lenye vijiua vingi vidogo pamoja. Alizeti fupi inafaa. Zinia inafaa sana, mbegu zake hupatikana kwa wauza pembejeo mjini na hukubali jua. Mrehani ukiachwa uchanue hujaa wadudu kuanzia asubuhi. Dhania na vitunguu vilivyokuzidi umri, badala ya kung'oa, acha viwili vitatu vitoe maua.

Mboga ya mitoo, ile yenye maua ya manjano ambayo watu wa magharibi mwa Kenya wanaipenda, ina faida ya ziada. Mimea ya ukoo wake ina kemikali ambayo madume wa yule kipepeo wa rangi ya chungwa huitafuta ili kutengeneza harufu ya kumvutia jike. Unaweza kuchuma majani ya chini kwa chakula na kuacha matawi ya juu yachanue.

Usipande mlantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbili tatu pamoja na majani yanayokwaruza. Ni kweli vipepeo wanaupenda kuliko karibu kila kitu, na vitabu vingi vya nchi za baridi vinausifu. Lakini ndege hubeba mbegu zake, unaenea porini, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Turkana tayari ina somo la mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa na leo umeziba malisho na kando za mito. Mbuzi wa jirani asife kwa sababu ya ua lako.

Chombo, udongo na jua

Usikate jerikeni nzima. Itakufaa zaidi kubebea maji. Tafuta iliyopasuka. Ikate ubavuni ili ilale na iwe na mdomo mpana, toboa matundu manne au matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali kisitumike kamwe kwa mmea utakaoliwa, hata ukikiosha mara kumi.

Katika hali ya hewa hii mmea wa kwenye chombo mara nyingi huuawa na joto la mizizi kabla ya kiu. Kopo la bati likipigwa na jua la mchana huwa kama sufuria jikoni. Kwa hiyo livalishe gunia, au lizike nusu ardhini, au weka chombo kidogo ndani ya kikubwa na ujaze mchanga katikati. Panga vyombo vyote karibu karibu, vitiliane kivuli. Jerikeni za manjano hazina shida sana. Za rangi nyeusi zipake chokaa ukipata, au zifunike.

Udongo: sehemu mbili za mchanganyiko wa udongo na mchanga, sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu hadi haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Usiongeze majivu. Najua kwenu, ukanda wa mvua nyingi, mlizoea kutia majivu shambani, lakini huko udongo una uchachu na majivu huupunguza. Hapa udongo na maji yenyewe tayari vina chumvi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, ni chumvi imejikusanya; mwagia maji mengi kwa mkupuo mmoja, au acha mvua ifanye kazi hiyo, mpaka yatoke chini. Ndiyo sababu nyingine ya kutoboa matundu ya kutosha.

Juu ya udongo weka matandazo: nyasi kavu, maganda ya karanga, hata vipande vya katoni. Bila hayo nusu ya maji yako itachukuliwa na upepo.

Weka bustani upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Hapo tena unawafuata vipepeo wenyewe: hapa kwetu wanaruka hasa kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, mchana mkali wanajificha chini ya majani, na wengine hutoka tena jioni. Upepo ni adui mkubwa kuliko jua. Kipepeo hatui kwenye ua linalotikiswa kama bendera. Ukuta wa nyumba, gunia lililotandazwa kwenye vijiti, au ua wa matawi makavu ya mathenge unatosha, na huo wa mathenge unazuia mbuzi pia. Miiba yake uikusanye vizuri, maana hutoboa hadi soli ya ndala.

Kumwagilia bila kufuga mbu

Mwagilia alfajiri au baada ya jua kuzama, kwenye udongo, wala si juu ya majani. Maji ya sabuni kidogo ya kusuuzia yanafaa, ila zungusha: leo chombo hiki, kesho kile, na mara moja moja mpe kila mmea maji ya mboga yasiyo na sabuni. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yatupe kwingine.

Kwa ajili ya kunywa, watengenezee vipepeo matope yao. Chukua kifuniko cha ndoo, weka mchanga na samadi kidogo, ulowanishe tu bila maji kusimama juu. Madume watakuja.

Maji yasisimame popote. Sahani ya chini ya chombo, mkunjo wa jerikeni, kopo tupu lililosahauliwa: mbu wa Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo karibu kabisa na nyumba. Pitia kila siku na umwage.

Dawa, hata ya mwarobaini

Mwarobaini umejaa Kakuma na wengi tumefundishwa kuponda majani au mbegu zake na kunyunyizia mboga. Ni dawa nzuri, na kwa mtu ni salama kuliko za dukani, lakini huzuia kiwavi kula na kukua, awe wa nondo au wa kipepeo. Haichagui. Ukiitumia kwenye sukuma, tenga bustani ya vipepeo mbali na usinyunyizie siku ya upepo. Ukiona vidukari kwenye mitoo, waoshe kwa maji au waponde kwa vidole.

Mwanzoni utadhani hakuna kinachotokea. Kwa joto la hapa, kutoka yai hadi kipepeo kuruka huchukua mwezi mmoja hivi, mara nyingine chini yake. Siku za mwisho kiwavi huacha kula na kutangatanga, na watu hudhani anaumwa. Anatafuta mahali pa kujining'iniza na kugeuka pupa: chini ya jani, kwenye ukuta, hata kwenye kamba ya nguo. Muache hapo. Kipepeo akitoka, mabawa yamekunjamana na yana unyevu, asiguswe kwa saa moja au mbili mpaka yakauke.

Kuhusu biashara: wengine wamesikia kwamba huko pwani watu wanauza pupa. Ni kweli. Mradi wa Kipepeo ulioko Gede, kaunti ya Kilifi, ulianza mwaka 1993, na wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga pupa zinazosafirishwa kwa maonyesho ya vipepeo nje ya nchi. Lakini ule ni ufugaji wa vipepeo wa msituni, wenye vibali, wanunuzi na usafiri wa haraka. Asikudanganye mtu akuuzie mbegu kwa ahadi ya fedha za namna hiyo hapa. Wala usiambiwe kwamba vipepeo wataongeza mavuno yako. Kwenye uchavushaji nyuki ndio wafanyakazi hasa. Ila maua haya haya huleta na nyuki, na mwenye boga au tikiti karibu atanufaika. Unachopata ni mboga kidogo, kivuli kidogo, na watoto wanaokaa chini kuhesabu miguu ya kiwavi. Walimu wa sayansi wanaofundisha mabadiliko ya wadudu kwa picha za ubaoni wanaweza kuweka kopo moja la mndimu dirishani na darasa likayaona yote kwa macho.

Wakati mzuri wa kuanza ni wiki mbili tatu kabla ya mvua za Aprili au za Oktoba, ili miche iwe imeshika vipepeo wanapoongezeka. Zinia na alizeti zikikauka, kata vichwa, vikaushe kivulini siku chache, na mbegu uzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Iandike mwezi, kisha iweke mahali panya hawafiki.